MAUMIVU YA VIUNGO SI UCHAWI

Katika kila kijiji wapo watu wanaoumwa magoti, nyonga au vidole. Wengine hawawezi kuteka maji. Wengine hawawezi hata kuchuchumaa chooni. Mara nyingi tunasema, "Ni uzee," au, "Amerogwa." Kisha tunamwacha mgonjwa peke yake. Hilo ni kosa.

Magonjwa haya ni nini?

Mahali mifupa miwili inapokutana panaitwa kiungo. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu ili isisagane. Gegedu ikilika, kiungo huuma. Hali hii huwapata zaidi wazee, watu wanene na watu waliowahi kuumia kiungo.

Baridi yabisi ni ugonjwa mwingine. Hauletwi na baridi, ingawa jina lake lasema hivyo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia viungo. Vidole vya mikono yote miwili huvimba. Asubuhi hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, na hata vijana huupata. Usipotibiwa mapema, vidole hupinda na huenda visinyooke tena. Dawa za kuuzuia zipo, nazo hutolewa na daktari baada ya vipimo.

Tupate msaada wapi?

Anza zahanati. Zahanati ikishindwa, omba barua ya rufaa uende kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, na mgonjwa akawa na homa, msingoje. Mpelekeni siku hiyo hiyo, awe mtoto au mtu mzima. Huenda kiungo kina usaha. Usaha huharibu kiungo kwa siku chache tu.

Usinunue dawa za maumivu dukani ukazimeza kila siku bila kumwona mganga. Dawa kama diklofenaki huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Usikubali kuchanjwa chale kwa wembe uliotumiwa na mtu mwingine. Wembe huo unaweza kukuambukiza virusi vya UKIMWI au homa ya ini.

Mgonjwa asilale tu. Kiungo kisichotumika hukakamaa, na misuli yake hulegea. Atembee kidogo kila siku. Maumivu yakizidi, apumzike.

Majirani tufanye nini?

Tumtekee maji na kumpalilia shamba. Fundi seremala amchongee mkongojo, na kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo la choo. Jembe lake litiwe mpini mrefu ili asiiname sana. Vijana wamsindikize zahanati siku ya matibabu.

Serikali ya kijiji nayo iandike majina ya wazee wasiojiweza, na kuyapeleka kwa afisa ustawi wa jamii. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilieleza kuwa mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Lakini baridi yabisi haichagui umri. Tusiwasahau vijana wanaoumwa.

Umoja wetu ni sehemu ya matibabu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni dalili zipi zinazotaka mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo?
2. Kwa nini ni hatari kumeza dawa za maumivu kila siku?
3. Katika kijiji chetu, nani anaumwa viungo? Wiki hii tutamsaidiaje?