Wawingly: Dola Iliyoangushwa, Jamii Iliyojimaliza

Ukimuuliza mtu aliyeucheza mchezo wa video wa The Legend of Dragoon kwa nini jamii ya watu wenye mabawa, Wawingly, ilitoweka, atakujibu kwa neno moja: vita. Jibu hilo lina ukweli wake. Miaka 11,000 kabla ya hadithi ya mchezo kuanza, wanadamu wa nchi ya Endiness, waliokuwa watumwa, waliinuka chini ya kiongozi wao Diaz. Wapiganaji saba waliopewa nguvu za majoka, yaani Zieg, Rose, Belzac, Shirley, Kanzas, Damia na Syuveil, waliuvamia Kadessa, mji mkuu wa mabwana zao uliokuwa ukielea angani. Mtawala wake, Melbu Frahma, aliuawa na Zieg, na Zieg naye akageuzwa jiwe palepale. Mji ukaanguka, na wenye mabawa wakabaki kuwa watu wa kusimuliwa tu.

Tatizo la jibu hilo ni kwamba Wawingly wengi walinusurika. Mchezo huu, ambao Sony iliutoa kwa ajili ya PlayStation nchini Japani mwaka 1999 na Marekani mwaka 2000, unawaonyesha waziwazi: wapo msituni, wapo jangwani, wapo wanaoishi miongoni mwa wanadamu huku wameficha mabawa yao. Kama walikuwepo, na uchawi wao walikuwa nao, na miaka elfu kumi na moja waliipata, kwa nini hawakusimama tena? Hapo vita havitoshi kuwa maelezo.

Mimi naanzia mbali zaidi, kwenye mti. Katika imani ya Endiness, muumba Soa aliotesha mti mmoja wenye matunda 108, na kila tunda lilizaa aina yake ya kiumbe. Wawingly walitoka katika tunda la 107. Tunda la mwisho lilikuwa la kiumbe cha maangamizi, ambacho kazi yake ilikuwa kufuta vyote vilivyotangulia. Frahma akaingilia kati. Alitenganisha mwili wa kiumbe hicho na roho yake, mwili akautundika angani kama mwezi usiotua, kisha akaufunga kwa mihuri ya kichawi iliyowekwa katika miji ya watu wake.

Siwezi kumlaumu kwa kutaka watu wake waishi. Kiongozi yeyote angejaribu. Namlaumu kwa alichokifanya baada ya hapo. Aliyezuia maangamizi ya wote aliigeuza hifadhi hiyo kuwa hati ya umiliki: Wawingly juu, wengine wote chini, milele. Nguvu za kiumbe kilekile alichokifunga kwa ajili ya usalama wa dunia zikatumika kama silaha, yale majitu yanayoitwa Virage, dhidi ya majoka na wanadamu. Na roho aliyoitenga haikufa. Ikawa inarudi kila baada ya miaka 108 ndani ya mtoto wa binadamu. Kwa hiyo dola nzima ilitegemea miji isianguke kamwe, na hakuna aliyejiuliza itakuwaje siku ikianguka.

Athari za mfumo huo zinaonekana vizuri zaidi katika diski ya nne, ya mwisho. Mchezaji anaingia Zenebatos, Mji wa Sheria. Hakuna raia hata mmoja. Kuna roboti. Zinatunga sheria, zinazitangaza, na zinamkamata anayezivunja. Ili kupita, Dart, shujaa wa mchezo, na wenzake hawatoi rushwa wala hawavunji mlango. Wanalazimika kuzifuata taratibu za mji na kuomba sheria ibadilishwe, na mitambo inaibadilisha kwa utaratibu kamili, kana kwamba mamilioni wanasubiri kuisoma. Nimeichukulia sehemu hiyo kuwa ndiyo maelezo bora kuliko yote kuhusu jamii hii. Walichonga vyombo vya utawala vikamilifu kiasi kwamba havikuwahitaji wao wenyewe. Aglis, mji wa uchawi uliozama baharini, unasema jambo lilelile kwa namna nyingine: yupo Savan, msomi aliyebaki akiendelea na utafiti wake, akizungukwa na viumbe alivyovitengeneza mwenyewe. Elimu ipo. Wa kumrithisha hayupo.

Waliobaki msituni walichagua kujificha nyuma ya kizuizi cha kichawi. Kwa kizazi cha kwanza, uamuzi huo ulikuwa wa busara, maana walioshindwa baada ya kuwatumikisha wenzao hawana budi kuogopa kisasi. Lakini kizuizi hakikuondolewa. Wanadamu waliowachukia walikufa, wajukuu wao wakafa, hata jiji la washindi, Vellweb, likabaki magofu kwenye theluji, na bado msitu ulifungwa. Woga uliokuwa na sababu ukageuka kuwa desturi.

Tazama basi vijana wao walikwenda wapi. Meru aliuacha msitu akaenda kucheza ngoma miongoni mwa wanadamu, akificha asili yake hata kwa marafiki anaosafiri nao. Lloyd, mwenye kipaji kuliko wote, alitaka dunia mpya isiyo na dhuluma. Akaua, akaiba hazina za kifalme, akamkabidhi mtu aliyemwamini kuwa mkombozi. Ndani ya mtu huyo kulikuwa na roho ya Melbu Frahma. Alipofahamu anamtumikia nani, muda ulikuwa umekwisha, naye akafa. Jamii ambayo haikuwahi kukaa na vijana wake kuwaeleza kwa ukweli nini kilitendeka Kadessa iliwaacha wadanganywe na mfalme yuleyule.

Wapo waliojuta, na haki yao lazima wapewe. Charle, dada yake Frahma, aliishi katika mji wa Ulara na wachache waliokubali kosa. Ndiye aliyempa Rose mkufu uliomzuia asizeeke, ili kila mara roho ya maangamizi inapozaliwa, Rose aende kuimaliza. Nia ilikuwa njema. Gharama yake ililipwa na mtoto mchanga na kila aliyekuwa karibu naye, kama kijiji cha Neet, alikozaliwa Dart, kilichoteketezwa miaka 18 kabla ya hadithi. Hata toba ya Wawingly ililipwa kwa damu ya wanadamu, tena kwa siri, na siri hiyo ikawanyima wanadamu nafasi ya kuwaelewa na kuwasamehe.

Hukumu yangu basi ni kwamba majoka yaliwanyang'anya Wawingly utawala tu. Kutoweka walikuamua wenyewe, kizazi baada ya kizazi, kwa kukataa kuishi na watu ambao hawakuwa tena watumwa wao. Atakayeucheza mchezo huu leo asiukimbilie msitu wao kama kituo cha kupita. Azungumze na kila aliyemo, wazee kwa vijana, asikilize wanavyowataja wanadamu, kisha apime mwenyewe kama bado ni vita vinavyowazuia kutoka.