Kenya: Vyuo Vikuu na Hesabu ya Umeme

Askari aliyepata kushika lindo anajua kwamba taarifa isemayo "usiku ulikuwa na mambo mengi" haimtoshi kamanda wake. Kamanda atauliza: saa ngapi, mahali gani, jambo gani? Bili ya umeme ya chuo kikuu, ndugu wasikilizaji, ni taarifa ya namna hiyo. Inataja uniti za mwezi mzima na fedha zinazodaiwa. Haisemi ni bweni, maabara au jiko lililokula umeme huo, wala kama ulitumika mchana wakati wa masomo ama usiku wa manane.

Jirani zetu wa Kenya wameliingiza jambo hili katika sheria. Ukame wa mwaka 2000 ulipopunguza maji ya mabwawa, nchi hiyo iliingia katika mgawo mkali wa umeme. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliwataka watumiaji wakubwa, wanaofikia kilowati-saa 180,000 kwa mwaka, wafanyiwe ukaguzi wa nishati angalau mara moja kila miaka mitatu, kisha watekeleze japo nusu ya akiba ambayo mkaguzi ameibaini. Kiasi hicho ni uniti 15,000 kwa mwezi, na chuo kikuu chenye mabweni na maabara hukifikia bila taabu.

Sasa takwimu hizo hukusanywaje? Njia ya msingi ni kufunga mita ndogo katika kila jengo na kuisoma kwa saa zilizopangwa, au kutumia mita inayojiandikia yenyewe. Kazi hii huonekana nyepesi, lakini ina mitego. Katika majengo makubwa mita haipitishi umeme wote. Hupimia sehemu tu kupitia transifoma ndogo. Ikiwa transifoma hiyo ni ya ampea 200 kwa 5, kila uniti inayosomwa huzidishwa kwa 40. Msomaji akisahau kuzidisha, jengo zima litaonekana kama nyumba ya mtu mmoja.

Usomaji wa usiku ndio wenye faida kubwa kuliko yote. Saa nane za usiku madarasa ni matupu, na mita ingepaswa kwenda polepole. Ikiwa inakwenda kasi, kuna kitu kimeachwa. Chukua taa 100 za mirija, kila moja wati 36, zikiwaka saa 12 kila usiku: ni uniti 43.2 kwa usiku mmoja, na 15,768 kwa mwaka. Hiyo inazidi mwezi mzima wa kile kiwango cha sheria, na hakuna mwanafunzi aliyesoma chini ya taa hizo.

Kuna pia suala la kilele. Wateja wakubwa wa Kenya hulipia uniti, na juu yake hulipia kiwango cha juu kabisa walichovuta kwa wakati mmoja katika mwezi. Pampu za maji zikiwashwa pamoja na majiko ya asubuhi, gharama hupanda ingawa uniti hazikuongezeka. Bila takwimu za saa kwa saa mhasibu hataliona jambo hili. Akiziona, ataomba pampu zifanye kazi usiku.

Chuo Kikuu cha Strathmore, jijini Nairobi, kilifunga mwaka 2014 mitambo ya jua ya kilowati 600 juu ya mapaa yake. Mitambo ya aina hiyo haikadiriwi kwa macho. Lazima ijulikane mchana majengo yanavuta kiasi gani, maana jua halingoji mabweni yarejewe jioni.

Ugumu uliobaki ni wa watu. Mkuu wa idara akidhani kwamba mita imeletwa kumpeleleza, mlango wa chumba cha mita utakuwa umefungwa kila mara na ufunguo hautaonekana. Kwa maoni yetu, ni afadhali namba za kila jengo zibandikwe mlangoni pake, ambapo msimamizi, mfagizi na mlinzi wa usiku watazisoma pamoja. Mlinzi huyo, mara nyingi, ndiye pekee anayejua ni dirisha gani halizimi taa.