Tana River Ni Kukavu, Sasa Huu Msitu Mzito Umetoka Wapi? Hii Ndio Siri Yake

Wasee wengi wa Nairobi wanajua Tana River kwa vitu mbili tu: mafuriko na jua kali. Ikitajwa kwa habari, ujue watu wamehama ama ng'ombe wamekufa. Lakini ukitoka Garsen ukifuata mto kuelekea Hola, kuna msitu wa kijani kabisa, na ndani yake kuna aina mbili za tumbili ambazo hazipatikani pahali pengine popote duniani.

Sasa swali ni, msitu kama huo unafanya nini pahali mvua ni ya kuhesabu?

Hesabu ya mvua haiingiani

Cheki hii. Msitu wa Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Huku Tana ni kama 400 hadi 500 tu. Kwa mvua kama hiyo, kitu inafaa kumea ni nyika: miti mifupi, miba mob na majani madogo. Hiyo ndio form ya kuishi pakavu. Jani dogo halipotezi maji mingi, na kiangazi ikishika, mti unamwaga majani yote unalala.

Na nyika iko, tena kubwa. Tembea kilomita moja ama mbili kutoka mtoni uone venye msitu unakatika ghafla, unabaki na miba na vumbi.

Msitu uko kwa Wi-Fi ya jirani

Unajua ule msee hana bando lakini hakosi kuwa online? Msitu wa Tana ni hivyo. Mvua yake hainyeshi Garsen. Inanyesha Aberdare na Mlima Kenya, alafu inasafiri na mto karibu kilomita 1,000 hadi baharini.

Mara mbili kwa mwaka, mvua ikishika huko juu, mto hufura na kumwagika kando. Maji inazama chini ya ardhi na mizizi inaifuata huko. Tope nayo inabaki juu kama mbolea ya bure. Hapo ndio unapata mikuyu mikubwa na mikindu. Kuna hata mpopla wa Tana, ambao mbegu zake humea kwa mchanga mpya mto umetoka kuacha. Bila mafuriko, huo mchanga mpya hakuna.

Kwa hivyo anga ni ya jangwani lakini mizizi iko kwa maji. Mti unaangalia mizizi.

Jamaa wa Congo

Kitambo sana, hali ya hewa ikiwa na unyevu zaidi, inaaminika misitu ya Congo ilikuwa imeungana na ya Pwani. Ukavu ulipokuja, katikati ikafa, vipande vikabaki penye maji ilibaki. Tana ni moja ya hivyo vipande.

Ndio maana mbega mwekundu wa Tana ana macousin Congo, Uganda, na hata Zanzibar penye wanamwita kima punju. Yule tumbili mwingine, mangabei, ana ndugu yake milima ya Udzungwa, Tanzania. Hifadhi ya kuwalinda hawa wa Tana ilianzishwa 1976, na bado wote wawili wako kwa orodha ya wanyama walio karibu kabisa kuisha.

Shuka hadi Kipini

Mto ukifika baharini, masharti yanabadilika tena. Hapa maji ni mob lakini ina chumvi, na tope haina hewa. Mti wa kawaida hapo hauwezi. Mikoko inaweza: inasimama kwa mizizi kama miguu, na mchu unatoa chumvi kupitia majani. Mto ni ule ule, lakini nyika, msitu wa mto na mikoko kila moja imepewa masharti yake.

Jirani akibadilisha paswadi

Ngori iko hapa. Tangu Kindaruma 1968 hadi Kiambere 1988, mabwawa matano yamejengwa juu ya Tana, na Masinga ya 1981 ndio kubwa zaidi. Stima unachajia simu nayo, sehemu yake imetoka hapo. Lakini bwawa linashika maji na tope, na mafuriko madogo ya kila msimu yanapungua. Mikuyu mizee inasimama, ila watoto wake wanakuwa wachache. Huko chini mto ukikosa nguvu, chumvi inapanda hadi kwa mashamba ya mpunga.

Usidhani basi watu wa Garsen wamepona mafuriko. Yale makubwa bado yanakuja, kama 2023 na 2024. Yanayopotea ni yale madogo, na ndio yanalisha msitu, shamba la Mpokomo na malisho ya Muorma.

Juu ya hayo, msitu wenyewe unakatwa kupanua mashamba.

Serikali imekuwa ikipanga bwawa lingine kubwa, High Grand Falls, kwa mto huu huu. Stima tunataka wote, hakuna kubishana. Lakini wakianza kujenga, uliza kitu moja: maji ya kumwagika kila msimu wataachilia ngapi? Garsen wanangoja hiyo jibu, na wale tumbili hawana mto mwingine wa kuhamia.