Joy Adamson: Mchoraji aliyefunikwa na kivuli cha simba

Jina la Joy Adamson linapotajwa nchini, fikra za wengi huenda moja kwa moja kwa Elsa, simba jike aliyelelewa nyumbani na hatimaye akarejeshwa porini Meru. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kumwona simba huyo, mwanamke huyo alikuwa ameishi Kenya kwa takriban miaka 19 na kujijengea sifa kwa kazi nyingine kabisa.

Alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, wakati huo ukiwa chini ya himaya ya Austria na Hungary. Mji huo sasa huitwa Opava na umo katika Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walimpa jina Friederike Viktoria Gessner. Alisomea piano, lakini viganja vyake vilikuwa vidogo mno kwa mtu aliyetaka kuishi kwa kupiga ala hiyo jukwaani. Akajaribu ushonaji, kisha uchongaji, na hata akafikiria udaktari.

Kilichomleta huku ni siasa za Ulaya. Mumewe wa kwanza, Viktor von Klarwill, alikuwa na asili ya Kiyahudi na Wanazi walikuwa wakiinyemelea Austria. Hivyo basi, mnamo 1937 alimtanguliza mkewe Kenya kuangalia kama wangeweza kuhamia. Melini, Friederike akakutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka uliofuata akaolewa na Bally, ambaye ndiye aliyempa jina Joy, yaani furaha.

Bally alipokuwa akikusanya mimea, Joy aliichora kwa rangi za maji. Michoro yake ya maua ilipamba vitabu vya bustani na mimea ya Afrika Mashariki, na mnamo 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunukia nishani ya dhahabu ya Grenfell. Kwa mtu ambaye miaka kumi awali hakuijua mimea hiyo hata kwa jina, hiyo haikuwa tuzo ndogo.

Kutoka kwa maua aligeukia watu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa na kutoa mamia ya picha: wazee, maharusi, vijana waliotoka jandoni, waganga, wapiganaji. Nyingi zilihifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, na baadhi alizichapisha mnamo 1967 katika kitabu The Peoples of Kenya.

Picha hizo zina kasoro ya zama zake. Aliyeagiza kazi alitaka kuona "makabila", na aliyechorwa mara nyingi alibaki kuwa mfano wa kabila lake badala ya mtu mwenye jina na habari zake. Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndizo urithi wake mkubwa zaidi kwa Wakenya. Shanga, mitindo ya nywele na mapambo ya masikio aliyoyachora kwa makini yalikuwa yakitoweka hata alipokuwa akiyachora.

Wakati huo alikuwa ameolewa mara ya tatu. Mnamo 1944 alifunga ndoa na George Adamson, msimamizi wa wanyamapori aliyekuwa na makao Isiolo. Februari 1, 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kuwa mnyama huyo alikuwa akilinda watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo wao, Elsa, akabaki.

Kumfuga simba si jambo geni. Ugeni ulikuwa katika kumfundisha simba aliyezoea watu kuwinda na kujitegemea, hadi akapata dume la porini na kuzaa watoto watatu. Elsa alifariki Januari 1961 kutokana na ugonjwa unaoenezwa na kupe. Kufikia hapo kitabu Born Free, kilichotoka 1960, kilikuwa kimesomwa kote duniani. Filamu yake ya 1966 ilishinda tuzo mbili za Oscar. Joy alielekeza mapato mengi katika hazina ya kuhifadhi wanyama. Baadaye alimlea duma aliyeitwa Pippa, kisha chui, Penny, huko Shaba.

Mbinu hiyo ilikuwa na wapinzani, na hoja zao hazikuwa za kupuuzwa. Simba asiyemwogopa binadamu ni hatari kwa jirani asiye na bunduki. Mnamo 1971 simba Boy, mmoja wa wale waliotumiwa katika filamu hiyo, alimuua mfanyakazi wa George huko Kora, na George akalazimika kumpiga risasi. Aidha, fedha na juhudi zinazotumika kwa mnyama mmoja zingeweza kulinda makazi ya mamia.

Wala Joy hakuwa mwepesi wa kuishi naye. Waliomjua walimtaja kuwa mkali, mwenye kugombana na mumewe na wafanyakazi, na katika miaka ya mwisho yeye na George waliishi mbalimbali. Januari 3, 1980, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70, alikutwa amekufa karibu na kambi yake Shaba. Habari za kwanza zilisema ameuawa na simba. Uchunguzi ulionyesha alichomwa kwa kitu chenye ncha kali, na kijana aliyewahi kumfanyia kazi akapatikana na hatia mwaka uliofuata. Aliepuka kitanzi kwa sababu ya umri wake mdogo.

Nyumba ya Joy kando ya Ziwa Naivasha, Elsamere, ni makumbusho ambako wageni hunywa chai huku mbega wakirukaruka mitini. Majivu yake yalipelekwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. George, aliyeuawa na majambazi Agosti 20, 1989, amezikwa Kora, kando ya nduguye Terence.