Gari Otomatiki Likisumbua: Pima Kwanza Kabla ya Kununua Giaboksi Nyingine

Magari mengi yanayobeba abiria, mboga na maziwa katika barabara za kaunti yetu yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japani. Kanuni za Kenya haziruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita umri wa miaka 8, lakini likishafika hapa huendelea kufanya kazi kwa miaka mingi. Kwa mwenye gari otomatiki la umri huo, maneno mabaya zaidi kuyasikia gereji ni haya: "Giaboksi imekufa."

Giaboksi ya mtumba hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, mbali na malipo ya fundi. Wakati mwingine hakuna njia nyingine. Lakini dalili zilezile zinaweza kuletwa na oili iliyopungua, waya uliolegea au kifaa kidogo cha injini. Asiyepima kwanza anaweza kununua giaboksi ya pili na gari likaendelea kusumbua vilevile. Makala haya yanaeleza hatua ambazo mwenye gari anaweza kuzifuata kabla ya kutoa pesa.

Oili ndiyo inayofanya kazi

Katika gari la gia za mkono, dereva hukanyaga klachi na kubadilisha gia mwenyewe. Katika gari otomatiki, kazi hiyo hufanywa na oili iliyo chini ya shinikizo. Oili ndiyo inayopokea nguvu kutoka kwa injini, inayobana sahani za klachi zilizo ndani na inayopoza giaboksi. Kompyuta ya gari huamua ni gia gani itumike, kisha hufungua na kufunga njia za oili kwa vali ndogo za umeme ziitwazo solenoidi. Kwa hivyo uchunguzi wowote wa giaboksi huanza na oili, kisha umeme. Kufungua giaboksi ni hatua ya mwisho.

Hatua ya 1: Angalia oili

Kama giaboksi ina kijiti cha kupimia oili, soma kitabu cha gari kwanza, kwa sababu kampuni hazifanani. Kwa magari mengi ya Toyota, oili hupimwa injini ikiwa inanguruma, gari likiwa limepata moto na limesimama mahali tambarare, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Kwa Honda nyingi, injini huzimwa kwanza. Magari mengine hayana kijiti kabisa. Hayo hupimwa yakiwa yameinuliwa, na kazi hiyo mwachie fundi.

Pangusa kijiti kwa karatasi nyeupe na uangalie. Oili nzuri ya giaboksi za kawaida huwa nyekundu na hupitisha mwanga. Ikiwa imekuwa nyeusi na inanuka kuungua, sahani za klachi zimepata joto kupita kiasi. Ikiwa ina rangi ya waridi kama maziwa, maji ya radieta yameingia ndani, usiendelee kuendesha. Chembe nyingi zinazong'aa ni vipande vya chuma.

Oili ikiwa imepungua, usiongeze tu. Oili haichomwi na giaboksi jinsi petroli inavyochomwa na injini, kwa hivyo kupungua kwake kunamaanisha kuna mahali inavuja. Tafuta mvujo huo chini ya gari na kwenye mabomba yanayokwenda kwa radieta. Usinunue oili yoyote kwa kuangalia rangi. Giaboksi za aina ya CVT, zinazotumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida, zina oili yake. Hata Toyota ina oili ya T-IV na ya WS, na hazifai kubadilishana ovyo.

Hatua ya 2: Ondoa visingizio vya bei ndogo

Gari likikataa kuingia gia ya juu, angalia dashibodi. Katika Toyota nyingi za zamani, taa ya "O/D OFF" ikiwaka bila kupepesa maana yake ni kwamba kitufe kilicho kwenye mkono wa gia kimebonyezwa. Kibonyeze tena. Taa hiyo ikipepesa, kompyuta imeona hitilafu.

Uliza pia kama thamostati ya injini ilitolewa. Mafundi wengine huiondoa gari linapochemsha. Bila hiyo, injini inaweza kubaki baridi, na kompyuta nyingi huzuia gia ya juu mpaka injini ipate joto. Mwenye gari huona mafuta yanaisha haraka, akailaumu giaboksi.

Mshindo unaposogeza gia kutoka P hadi R au D unaweza kuwa wa mpira wa kushikilia injini uliokatika. Mtetemo unapopanda mlima polepole unaweza kutoka kwa plagi au koili inayokosa moto. Betri dhaifu na waya wa ethi wenye kutu pia huchanganya kompyuta. Vitu hivi vyote ni rahisi kupima kuliko giaboksi.

Hatua ya 3: Endesha na uandike

Fundi husaidiwa na maelezo kamili kuliko kauli ya "gari halivuti." Endesha gari likiwa baridi, kisha likiwa moto, na uandike:

- Ukiweka D au R, gari huchukua sekunde ngapi kushika? Kusubiri kwa zaidi ya sekunde mbili hivi ni dalili ya shinikizo dogo la oili au klachi zilizochakaa.
- Je, mshale wa mizunguko ya injini hupanda huku mwendo hauongezeki? Hiyo ni klachi kuteleza.
- Je, gari huondoka kwa uzito kama limeanzia gia ya tatu na halibadilishi? Huenda kompyuta imejikinga kwa sababu ya hitilafu ya umeme.
- Tatizo huja kwenye gia moja au zote? Huja likiwa baridi, moto, au wakati wote?

Hatua ya 4: Weka gari kwenye mashine

Mwombe fundi asome kodi za kompyuta na akuonyeshe namba zenyewe. Kodi P0700 haitaji kilichoharibika. Inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi imehifadhi kodi nyingine, na ni lazima isomwe nayo pia. Kodi za kuanzia P0750 nyingi huhusu solenoidi. Hata hapo, waya na soketi zipimwe kabla ya solenoidi kubadilishwa. Usikubali kodi zifutwe kabla hazijaandikwa.

Kama oili ni safi na ya kutosha, umeme ni mzima, na klachi bado zinateleza, basi giaboksi yenyewe imechakaa. Kubadilisha oili hakutarudisha sahani zilizokwisha. Ukilazimika kuweka giaboksi nyingine, hakikisha mabomba na kipoza oili vimesafishwa, la sivyo chuma cha giaboksi ya zamani kitaharibu mpya.

Lini usimamishe gari

Gari linaloteleza au kunuka kuungua lisipakiwe abiria wala mzigo. Likipoteza gia katikati ya mwinuko, linaweza kurudi nyuma kwa walio nyuma yako. Kwenye mteremko mrefu tumia L au 2. Kuweka N ili kuokoa mafuta hukuacha na breki peke yake. Gari otomatiki halivutwi kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakigusa barabara. Liinuliwe au libebwe.

Haki yako kwa fundi

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari. Una haki ya kupewa makadirio ya gharama kabla ya kutozwa, na ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Omba makadirio hayo kwa maandishi, yakionyesha kilichopimwa na kilichopatikana. Fundi anayejua kazi yake hatachukizwa na swali hili: "Umejuaje kwamba ni giaboksi?" Akiwa amepima oili, ameona kodi na ameendesha gari, ana jibu la kukupa. Akiwa hana jibu, peleka gari kwa fundi wa pili kabla hujalipa.