Kamongo, Samaki Afaye Maji

Msomaji akiambiwa kwamba yuko samaki awezaye kufa maji, yamkini atadhani anafanyiwa mzaha. Lakini wavuvi wa Homa Bay, na wale wa Karungu na Muhuru katika Migori, wamjua sana. Ndiye kamongo. Akinaswa na wavu chini asipate kupanda kuvuta pumzi, hufa kama vile ambavyo ng'ombe angekufa.

Ukimtazama kwa haraka utamdhania mkunga wa baharini, au hata nyoka. Mwili wake ni mrefu, na badala ya mapezi ya kawaida ana nyuzi nne laini, mbili mbele na mbili nyuma. Aliyekomaa huweza kufikia urefu wa mita 2. Ndani ana mapafu mawili. Matamvua anayo, ila yamedhoofu hata hayamtoshi, kwa hiyo hana budi kupanda juu mara kwa mara kumeza hewa. Ndiyo sababu aweza kukaa katika matope ya mafunjo, mahali ambapo samaki wengi wangekosa pumzi.

Mwaka 1932 mtaalamu wa Marekani, Homer Smith, alitoa kitabu akakipa jina lile lile walitumialo Wajaluo, yaani Kamongo. Yeye alichunguza jinsi samaki huyu anavyoishi akifukiwa katika matope yaliyokauka: haendi haja, wala hali kitu, bali huishi kwa nyama ya mwili wake mwenyewe mpaka maji yarudi. Katika Ziwa letu ni nadra kulazimika kufanya hivyo.

Lililonishangaza zaidi ni malezi. Dume huchimba shimo chini ya majani ya kinamasi, na jike akiisha kutaga huenda zake. Dume hubaki akilinda mayai na wana, naye humwuma yeyote akaribiaye. Taya zake si za mchezo; ndizo zivunjazo makombe ya konokono, wakiwamo wale wachukuao kichocho.

Basi, kwa kuwa dume hakimbii, mvuvi ajuaye shimo lilipo humpata bila taabu, na wana hubaki bila mlinzi. Wataalamu walioandika mwaka 2002 juu ya kupungua kwa kamongo katika Ziwa Victoria walilitaja jambo hili, pamoja na kugeuzwa kwa vinamasi kuwa mashamba. Simlaumu mtu alimaye sukuma kinamasini mwezi wa Januari, wakati shamba la juu limekauka. Hata mimi nimelima huko. Lakini mafunjo yaking'olewa mpaka ukingoni mwa maji, kamongo hana tena pa kuchimba.

Ng'ambo ya Ziwa, katika Buganda, watu wa ukoo wa Mamba hawamli, maana ndiye mwiko wao. Huku kwetu hukatwa vipande vinene, hukaushwa kwa moshi, na kuliwa kwa ugali. Ampataye akiwa hai na amtie mtumbwini kwa hadhari, kwani hata baada ya saa nyingi nje ya maji angali anapumua, na angali anauma.