Intaneti ikikatwa, uvumi haukatwi

Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018. Kesho yake intaneti ikakatwa Kongo nzima, na mesaji za SMS nazo zikasimama. Ilirudi kisha karibu siku 20, wakati Korti ya Katiba ilikuwa inatoa uamuzi wake juu ya matokeo. Mshauri mmoja wa Rais Joseph Kabila alieleza sababu: matokeo ya uongo yalikuwa yameanza kuzunguka kwenye mitandao ya kijamii, na serikali iliogopa fujo.

Sababu hiyo watu wengi wanaielewa. Uongo wa kwenye simu uko, na unaweza kuua. Lakini ulizo linabaki: je, ukikata intaneti, uongo unakufa? Yaliyopita huku mashariki yanaonyesha hapana.

Inakatwa namna gani?

Hakuna mtu anayepanda juu ya antena kukata waya. Vodacom, Airtel, Orange na makampuni mengine ya simu yanafanya kazi kwa ruhusa ya serikali. Waziri anaandika barua, kampuni inatii, sababu ikikataa inaweza kupoteza ile ruhusa. Wakati ule sheria ya simu ya mwaka 2002, katika kifungu cha 46, iliruhusu serikali kukataza matumizi ya rezo kwa sababu ya usalama ao utulivu wa raia. Sheria mpya ya simu ilikuja mwaka 2020.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kufunga intaneti yote. Ya pili ni kufunga mitandao fulani tu, kama vile Facebook ao WhatsApp, na mengine yanaendelea. Ya tatu ni kuipunguza mwendo mpaka picha na video zinashindwa kupita. Hii ya tatu ni ngumu kuitambua: mtu anafikiri ni rezo mbaya tu, anazima simu na kuiwasha tena.

Ilikatwa lini, na ilileta nini?

Mwezi wa kwanza 2015, watu waliingia barabarani Kinshasa, Goma na Bukavu kukataa mupango wa sheria uliotaka raia wahesabiwe kwanza kabla ya uchaguzi. Intaneti ikakatwa. Maandamano hayakuisha, na tarehe 23 Baraza la Senate likaondoa kile kifungu.

Mwezi wa 12 mwaka 2016, muhula wa Kabila ulipofika mwisho, makampuni yaliamriwa kufunga mitandao ya kijamii. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2017, siku ya maandamano ya walei Wakatoliki, intaneti na SMS zilikatwa. Ilirudiwa mwezi wa kwanza na wa pili 2018. Kila mara watu walijua saa na mahali pa kukutana: wengine walisikia kanisani, wengine sokoni, wengine kwa jirani.

Beni na Butembo: kura, Ebola na kimya

Mfano mzito zaidi uko Kivu ya Kaskazini. Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku nne mbele ya kura, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi kule Mai-Ndombe, watapiga kura mwezi wa tatu. Wakati huo rais mpya angekuwa ameisha kuapishwa. Kwa Beni na Butembo, sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama mdogo.

Watu wengi walikuwa tayari wanasema: "Ebola ni mambo ya politike." Tangazo lile likawapa kama ushahidi. Kesho yake, waandamanaji walishambulia Beni mahali pa kupokelea wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa. Siku ya kura, wakaaji wa Beni walijipangia kura yao wenyewe, ya kuonyesha tu kwamba wanaweza kupiga. Kisha intaneti ikakatwa.

Hapo njo shida yenyewe. Mtu aliyesikia kwamba chanjo ni sumu alibaki na neno la jirani tu. SMS haiendi, WhatsApp haifunguki, hana pa kulinganisha. Uvumi hauhitaji megabaiti. Unatembea kwa miguu. Kinachohitaji rezo ni kuuhakikisha. Ebola ile iliisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, na watu zaidi ya 2.200 walikuwa wamekufa. Si intaneti iliyowaua, lakini ugonjwa ule ulijificha nyuma ya mashaka.

Wenye mpaka na wasio na mpaka

Goma, wengi walitumia kadi za simu za Rwanda na kushika rezo ya Gisenyi. Bukavu nao wako karibu na mpaka. Lakini mukaaji wa Walikale ao wa Lubero angeshika rezo ya nani? Kukata intaneti hakuwagusi wote sawasawa. Mwenye pesa na njia anapata habari, halafu njo yeye anawaelezea wengine vile anavyotaka.

Na uongo wa kwenye simu, utafanywaje?

Leo kuna Kodi ya mambo ya dijitali, ya mwezi wa tatu 2023. Kifungu chake cha 360 kinaazibu mtu anayeanzisha ao anayetuma tena habari ya uongo juu ya mtu: mwezi mmoja mpaka sita ya gereza, na faini ya franka 500.000 mpaka 1.000.000. Sheria inagusa mtu mmoja, mbele ya muamuzi. Kukata intaneti kunaazibu kila mtu, bila muamuzi.

Lakini sheria nayo inaweza kuuma vibaya. Mwanahabari Stanis Bujakera alifungwa mwezi wa tisa 2023, akashitakiwa kueneza uongo, na akatoka gerezani mwezi wa tatu 2024.

Kwa raia, kinga ya kwanza iko mkononi. Kabla ya kutuma tena video, uliza: imepigwa wapi, lini, na nani? Watu ndani yake wanasema luga gani? Picha za vita vya inchi zingine zinapitaka sana kwa jina la Beni ao Masisi.

Na kwa siku za kukatwa, andika namba za muhimu kwenye karatasi, weka redio na mabetri. Mwaka 2018 kupiga simu kwa sauti kuliendelea. Basi ukisikia neno sokoni, mpigie kwanza mtu aliye mahali penyewe, kabla haujalifikisha kwa jirani.